Mia Nne na Ishirini

Bachis Tolu hataji bei mpaka uulize mara mbili.
Mara ya kwanza hujifanya hakusikia,
hupuliza vumbi la pembe mezani,
husogeza taa.
Mara ya pili alisema: yuro mia nne na ishirini,
kwa sauti ya mtu anayekutajia umri wa marehemu.

Nilikuwa nimeingia kukwepa mvua tu.
Hivyo ndivyo nitakavyomwambia kaka yangu Gonario.

Mia nne na ishirini
ni magurudumu kumi na manne ya jibini ya kondoo,
kila moja miezi minane rafuni,
nikiligeuza kama mgonjwa asije akapata vidonda.
Ni tairi nne za gari langu, ambazo sasa zina upara.
Ni jino moja la kubandika kule Sassari,
na pengo linanidai tangu mwaka juzi.

Nilicho nacho nilikinunua kituo cha mafuta, njia ya Ozieri:
yuro kumi na mbili, na kiberiti cha gesi juu.
Mpini mwekundu wa plastiki. Bawaba imelegea.
Mwezi wa pili, nikikata kamba,
kilijifunga chenyewe juu ya kidole changu
huku kondoo akinitazama kama mwalimu wa hesabu.
Nyuzi sita.
Rahisi ghali, najua,
ila zile nyuzi hospitali hawakunitoza.

Hiki cha Bachis hakina springi, hakina kitufe.
Ubapa wake ni jani la mihadasi,
mwembamba, umenyooka mpaka nchani.
Kinafunguka polepole, kama mtu mzima anavyoamka,
na kikishafunguka hakitikisiki.
Mpini ni pembe ya kondoo dume,
ndani yake mstari wa rangi ya chai
unaopotea ukiinamisha mkono.
Niliinamisha mkono mara nyingi kuliko adabu inavyoruhusu.

Niliomba karatasi nikijaribu.
"Karatasi ni ya wageni wa Agosti," alisema,
akanipa kipande cha mkate wa juzi, mgumu kama kigae.
Kisu kikapita.
Mezani hapakubaki hata chenga.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sawa.
Na mwenye kisu cha mia nne na ishirini
atakula nini mpaka Pasaka?

Nilikuwa bado napiga hesabu
Bachis alipotoa peari mfukoni,
akakaa kwenye kigoda, akaanza kuimenya
kwa kisu chekundu,
cha plastiki,
ndugu yake huyu wangu, tumbo moja.

Mfinyanzi hulia gaeni, nikawaza. Kisha nikamuuliza.
Alitafuna kwanza.
"Kila mwaka," akasema, "natengeneza kimoja
nikijiapiza: hiki ni changu.
Halafu anaingia mtu anayekimbia mvua."

Sijui kama ule ulikuwa ukweli
au biashara.
Kizuri chajiuza, lakini na wauzaji nao hujua kujiuza.
Nilimrudishia, mpini mbele, kama nilivyofundishwa.
Alikiweka kwenye droo. Hakuifunga.
Hakusema atanitunzia.

Nimepanda mlima, viatu vimelowa.
Mkono uko ndani ya koti,
na kidole gumba, kipumbavu,
kinatafuta ule mfuo mdogo wa kutilia ukucha
kwenye kisu kisichokuwamo.

Mnunuzi wa jibini anakuja Alhamisi.
Nimewasha taa ya ghala, usiku huu,
nagonga magurudumu kwa kifundo cha kidole
nikisikiliza yaliyo tayari.
Kumi na moja.
Hili bado.
Hili… labda kumi na mbili.