Mfarishi wa Boneti

Endel kaja na bisibisi mfukoni,
kabla hata ya kahawa.
"Leo tunaung'oa," akasema.

Chini ya boneti ya Moskvichi yetu
mfarishi wa sufi nyeusi umelegea
kama shavu la mzee,
na kila nikiwasha gari unadondosha chenga
kwenye kabureta, kwenye mkanda wa feni.

Hoja zake tatu, kazihesabu kwa vidole.
Umelowa mafuta miaka ishirini:
cheche moja tu, Leida, utakwenda Võru kwa miguu.
Umelowa maji:
bati halipigi yowe linapooza.
Na panya.
"Panya si hoja," nikamwambia. "Panya ni mpangaji."

Zangu sikuzihesabu.
Januari hapa hushuka
hadi nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Nikizima gari dukani, nikanunua mkate mweusi,
nikasimuliwa yote juu ya nyonga ya Maimu,
nikirudi, injini bado ina vuguvugu
kama kitanda alichokitoka mtu sasa hivi.
Ni mfarishi huo, Endel. Si uchawi.

"Weka kadibodi mbele ya radieta,
kama watu wote wenye akili."

Na kelele je? Bila mfarishi
injini hii itanipigia domo njia nzima.
Nimeishi miaka arobaini na mmoja na Ilmar,
mtu wa maneno sita kwa siku, moja likiwa "chumvi".
Sikuzoea kufokewa na kitu ninachokilisha.

"Mficha maradhi..." akaanza Endel,
hakumaliza. Alikwisha kuinua boneti.

Vibanio kumi na kimoja.
Viwili vikavunjika kwa baridi,
vikarukia thelujini: tafuta wewe.
Kona ya kushoto ikashuka,
ikashuka na harufu ya petroli ya zamani
na mkojo wa yule mpangaji,
na kutu, naam, kutu,
upana wa kiganja, rangi ya chai iliyokolea.
Endel hakusema "nilikwambia".
Alinyamaza kwa sauti kubwa.

Hapo ndipo nikaona kiraka.

Upande wa juu, ulioelekea bati,
asikotazama mtu,
sufi ilichanika zamani, na Ilmar
akaishona kwa uzi wa viatu,
mishono mirefu, mirefu,
hatua za mtu anayekimbia mvua.
Kitambaa cha kijani. Tundu la kifungo.

Koti langu.
Koti langu la mwaka wa themanini na sita,
nililosema Tarmo, binamu yake, kaliiba
siku ile aliyolala kwetu amelewa.
Nikamnyima salamu Tarmo
kanisani, sokoni, kwenye foleni ya viazi,
hadi siku tuliyomzika,
na hata siku hiyo nilisimama nyuma.

Ilmar alijua.
Alikaa mezani akinisikia nikimtaja mwizi,
akala supu yake,
akaomba chumvi.

Endel akauliza, "Basi? Nikate?"
Hakuona kitu. Yeye huona bati.
Nikamwambia kata.

Kutu tutaikwangua Jumamosi, akileta msasa.
Mfarishi uko bandani, umeanikwa kambani,
bado unapukutika, na sijaamua.
Kuna asubuhi nautaka urudi mahali pake,
kuna asubuhi natafuta kiberiti.
Kiraka nimekifumua. Nimekifua mara mbili.
Mafuta hayatoki.

Jana nilikwenda makaburini bila mfarishi.
Endel alisema kweli, nami nilisema kweli:
hakuna kilichoungua,
na kelele zilinitoa machozi,
tuseme ni kelele.

Ilmar yuko safu ya kwanza, karibu na lango.
Nikampita.
Tarmo yuko safu ya tatu, theluji imemfika shingoni mwa jiwe.
Nikaipangusa kwa mkono wa koti hili jipya,
nikasimama, nikatafuta pa kuanzia.

Niliporudi injini ilikwisha kupoa.