Asali Isinuke Petroli

Mnunuzi kutoka Dodoma alifungua ndoo,
akachovya kidole, akalamba, akanyamaza.
Kisha, kwa adabu inayouma:
"Dada Kalunde, asali yako inanuka petroli."
Ndoo arobaini. Nikazirudisha Isevya
kama barua ya posa iliyokataliwa.

Ndipo shauri lilipoanza, uani,
mbele ya Bedfodi la marehemu baba,
boneti wazi kama kinywa kwa daktari wa meno.

Fundi Mihayo hakutaka hata kusikia.
Yeye kabureta huisikiliza kwa bisibisi,
ncha kwenye chuma, mpini sikioni,
robo mzunguko kushoto, unywele mmoja kulia,
mpaka injini iache kulalamika.
"Hii ikizimika Koga, usiku, msituni,
unafungua skrubu nne, unapuliza jeti kwa mdomo,
unazibua kwa unyoya wa kanga, unaondoka.
Hiyo injekta yenu ikizima,
utaipuliza wapi?"

Swali likakaa kama jiwe kwenye mchele.

Hamduni, kijana wa VETA,
alikuja na boksi na kompyuta yenye ufa.
Hakubisha. Alitaja vitu taratibu:
pampu ya umeme, sensa kwenye bomba la moshi,
altaneta mpya, maana dainamo ile
haitoshi hata taa zake yenyewe.
"Kabureta inakisia. Hii inapima.
Asubuhi ya Julai haitaomba choki,
na petroli haitadondoka tena.
Ila" (hapa ndipo nilipomwamini)
"ikifa Koga itabidi unipigie,
na Koga hakuna mtandao."

Bei yake: asali ya mizinga sitini, msimu mzuri.

Nikalala na hesabu hiyo.
Baba alikuwa anavuta choki,
anahesabu imo, ibili, idatu,
anakanyaga mara mbili, anamwomba Mungu mara moja.
Lori linakohoa, linatema moshi, linakubali.
Miaka thelathini na mmoja
kikohozi hicho ndicho kilikuwa saa ya mama:
akikisikia tu, anawasha taa, anabandika chai.

Shangazi alisema, usiuze roho ya baba yako.
Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa, Ipole, masika,
nimeshika tochi mvua ikininyea,
naye kichwa ndani ya boneti
akiitukana kabureta kwa maneno
ambayo nyumbani tungepigwa kwayo.
Baba hakupenda kabureta.
Baba alipenda kufika.

"Fungeni injekta," nikasema.

Mihayo alikunja tambara lake. Hakuondoka.
Alisema ataitoa mwenyewe, asiiguse mtoto.
Alipofungua bakuli la floti tulikuta
vumbi jekundu la Sikonge, tone la maji,
na bawa moja la nyuki, zima kabisa.
Hakuna aliyesema kitu.
Aliiosha kwa petroli, akaifunga kwenye gazeti,
akaisukuma chini ya kiti
pamoja na skrubu nne na ule unyoya.
Hamduni akamwambia: "Mzee, haitafungika tena,
msukumo wa pampu utaizamisha."
"Nani kakwambia ni ya kufunga?"

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, baridi kali.
Nikazungusha ufunguo.
Likawaka. Hivyo tu,
kama mtu aliyeitwa akaitika.
Mkono wangu ulikuwa umeshafika
kwenye choki ambayo haipo.
Nikasubiri kikohozi. Hakikuja.
Nikanusa: baridi, mpira wa tairi, basi.

Nikapita dirishani kwa mama polepole.
Taa haikuwaka.
Hakujua kwamba nimeondoka.

Ipole nilifika mapema mno,
ndoo zangu tupu, safi, zikigongana nyuma,
na njaa.