Kilichojaa

Ratiba pale Iyunga imeandikwa kwa chaki: saa moja na nusu.
Saa tatu ndipo reli zikaanza kuguna
na mama akakifunga upya kikapu chake:
viazi vya kuchemsha, chupa ya chai,
mwavuli wa shangazi uliogoma kufunguka tangu masika.

Daraja la pili, kiti cha dirishani.
Mama alikaa ukingoni, kama mgeni asiyeambiwa karibu,
akihesabu vituo kwa vidole: Inyala, Igurusi,
kule mpunga unakong'aa hadi macho yanauma,
kisha Chimala.

Tangu Jumatatu nilikuwa nimemwambia:
tunakwenda kutazama maua.
"Maua?" akasema. "Kwa nauli yote hiyo?"

Kona hamsini na saba hadi Matamba.
Luvanda, dereva, alizihesabu kwa sauti,
akapotea mara mbili, akaanza tena katikati.
Masikio yakaziba. Baridi ikaingia bila hodi.
Kwenye kona ya arobaini na kitu
mama akasema, kana kwamba anajisemea:
"Hapa tulikuwa tunazima tochi."

Halafu uwanda. Nyasi, ukungu,
na maua yasiyo na ukingo wala mpandaji,
ya manjano, ya zambarau,
meupe yenye vidoa vya damu ya mzee.
Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu.
Askari wa hifadhi, kijana mmoja Mahenge,
alielekeza kwa fimbo: hili msikanyage, hili msichume,
na hili hapa, chikanda, watu walilichimba karibu liishe.
Viazi vyake vilivuka Tunduma kwa magunia,
vikatwangwa na karanga, vikawa kitoweo cha watu wa mbali.

Mama akavitazama viatu vyake.

Kijana alipotangulia, akachuchumaa.
Mkono ulikwenda wenyewe kwenye shina,
kidole cha shahada kikashuka udongoni,
kikagusa kitu, kikasita. Ukaona haya, ukarudi.
"Debe elfu nane," akasema.
"Madebe matatu, ada ya muhula.
Tulichimba usiku, Tusekile. Mkono ndio uliojua.
Chini kuna viwili: cha mwaka jana kimesinyaa,
cha mwaka huu kimejaa.
Tulichukua kilichojaa.
Ua lenyewe, haki ya Mungu, leo ndiyo naliona."

Mimi ni mwalimu wa hesabu.
Nilishaanza kuzidisha: mihula, madebe,
viazi vingapi katika debe.
Nikaacha kwenye mstari wa pili.

Alizunguka pale hadi chai ikapoa,
akiinamia moja baada ya jingine
kama mtu anayewatambua wageni waliochelewa harusini.
Moja la manjano aliliambia jambo kwa Kiwanji.
Sikusikia vizuri, na sikuuliza.

Treni ya kurudi ilichelewa, hilo si habari.
Stesheni ya Chimala, benchi la zege, mbu wa mashambani,
mchuuzi wa karanga aliyekwisha kutuzoea
akatupa za bure.
Ndani ya behewa mama alilala begani pangu,
mdomo wazi, tope kwenye ukucha mmoja.
Nilipotoa leso nimfute
akakunja ngumi, macho bado yamefumba.
"Liache," akasema.