Hesabu ya Kikohozi

Kabla ya hapa nilisoma mizani bandarini Bukavu,
magunia ya mihogo kutoka Idjwi,
kilo na nusu kilo.
Ndiyo maana muuguzi, Mama Nabintu, alinichagua:
"Macho yako yamezoea kuhesabu.
Sasa hesabu kwa masikio."

Chumba cha tatu kilijengwa kwa watu arobaini.
Tuko mia mbili na kumi na saba.
Tunalala kwa zamu, ubavu kwa ubavu,
mmoja akigeuka safu nzima hugeuka
kama ukurasa.
Pumzi niliyoitoa, Cishugi ameshaivuta,
ameshampa kijana wa Kadutu
aliyekamatwa kwa simu isiyo yake.

Dirisha ni moja, na lina mwenyewe.
Kapita hukodisha nafasi chini yake, kwa juma,
na mpangaji, Zihalirwa, anaogopa baridi ya ziwa:
ameliziba kwa katoni ya sabuni.
Mama Nabintu alituambia upepo ni dawa ya bure.
Tulicheka hadi tukakohoa.

Usiku wa kwanza nilichora kwa ukucha ukutani.
Birindwa, thelathini na moja.
Murhula, kumi na mbili, kavu,
kama mtu anayebisha mlango asiotaka ufunguliwe.
Cishugi nilimpoteza, nikaanza upya.
Asubuhi ukuta ulitoka jasho, ukala mistari yote.

"Nipe kitu cha kuandikia," nilimwambia Kapita.
"Karatasi hakuna."
"Na ile katoni?"
Alinikazia macho. Si mjinga.
Nikamsogelea sikioni:
"Wewe, jana, thelathini na nane."
Aliing'oa kwa mkono wake mwenyewe.

Zihalirwa alitukana hadi mababu zetu.
Mvua ikaingia, ikamlowesha shuka,
na nyuma ya mvua harufu ya sambaza
zikikaangwa mahali fulani, Nyawera labda.
Watu mia mbili walinyamaza, wakinusa.

Vikopo kumi na tisa vya makohozi vilitoka getini.
Sita vilirudi na jina la ugonjwa.
Sasa hao sita wanalala uani, chini ya turubai,
wanameza vidonge Mama akiwatazama koo,
wanakojoa rangi ya mawese.
Cishugi alinionyesha kadi yake:
"Miezi sita. Ona, kuna tarehe ya mwisho.
Faili langu kwa hakimu, mwaka wa tatu huu,
halijaandikwa hata ya kwanza."
Akaikunja, akaificha ndani ya kofia.

Birindwa aliachiliwa mwezi wa pili; kaka yake aliuza ng'ombe.
Mama alimkimbiza hadi barabarani
na mfuko wa dawa, kiatu kimoja mguuni:
"Umefunguliwa wewe! Kifua bado!"

Katoni imejaa. Nimeigeuza upande wa pili,
palipoandikwa Safi kwa Familia Nzima.
Mstari wa jana usiku unaanza na jina langu:
saba.
Huenda ni vumbi.
Lakini karani wa mizani hapunguzi gunia lake.