Mkono wa Blauzi

Daktari wa Kigali alilichora tumbo langu
nyuma ya karatasi ya maabara,
akalipiga mstari toka juu hadi chini.
"Hiki tunakitoa," akasema, "hiki kinabaki,
chembamba, kama mkono wa blauzi."
Hakujua anaongea na nani.

Miaka ishirini na miwili nakata mikono ya blauzi
pale Kadutu, chini kidogo ya soko,
mashine imetazama ukuta, mgongo wangu umezipa kisogo ngazi za udongo.
Mkono ndio unaowashinda wanafunzi wangu wote.
Ukikosea shingo, unaficha kwa lesi.
Ukikosea mkono, umeua kitambaa,
na mwenyewe atakuja Jumamosi na harusi yake mdomoni.

Sikumwambia. Nilikunja karatasi,
nikavuka Ruzizi kurudi Bukavu
nimekalia viti viwili, nimelipa viwili.

Usiniulize kama nilijaribu.
Nilikunywa ndimu na tangawizi hadi meno yakaingia ganzi.
Nilikula kabichi wiki saba; watoto, kwa huruma,
wakahamishia bugali na sambaza chumba cha pili,
nami nikasikia kila kichwa cha sambaza kikivunjika.
Nilipanda toka Nyawera alfajiri,
nikapitwa na wabeba mchanga, mzigo kichwani.
Nilifunga na kanisa siku ishirini na moja:
kilo kumi na nne zikaenda.
Nikajishonea sketi.
Kabla ya Pasaka zikarudi na wadogo zao.
Ile sketi ipo bado. Inafunika mashine.

Wifi yangu M'Cirhuza anasema,
"Ukakatwe utafute nini?
Mwanamke akipungua hapa, majirani wanapiga hesabu:
ni ukimwi, ni mume, au ni deni.
Unene wako ndio cheti cha kaka yangu."
Na kweli, sokoni wananiita Mama Ziwa.
Naitika. Nacheka wa kwanza,
ili nisisikie nani kacheka wa pili.

Siogopi kisu. Naogopa kisichorudi.
Kitambaa kilichokatwa hakisikii samahani.
Daktari mwenyewe alisema: utakula kijiko kwa kijiko,
vidonge vya vitamini hadi siku yako ya mwisho,
na wengine (hapo aliangalia dirisha)
wengine wananenepa tena.
Tena!
Na dola elfu nne na mia tano
ni kiwanja cha Panzi. Ni chuo cha Nshobole.

Lakini wiki iliyopita niliamka saa tisa usiku
nikamkuta Cikwanine ameketi kitandani,
kiganja chake juu ya mbavu zangu.
"Unafanya nini?"
"Nangoja. Huwa unaacha kupumua. Nahesabu.
Nikifika ishirini, nakusukuma."
"Tangu lini?"
Akavuta blanketi.
"Tangu mvua za mwaka juzi. Lala."

Mwaka juzi.
Na mchana mimi nilikuwa namkemea
kwa kusinzia dukani.

Leo nimefunga karakana mapema.
Nimejipima, mimi niliyepima nusu ya Kadutu.
Utepe haukutosha kiunoni,
nikauunga na wa mwanafunzi.
Nimefungua daftari la wateja,
nikaandika chini ya mke wa mwalimu na sare za kwaya:
Ntakwinja. Kifua. Kiuno. Nyonga.
Avansi: dola mia mbili, zile za likelemba.

Siku ya kuchukua:

Wanafunzi wote wanaijua sheria yangu,
hapa hatugusi kitambaa kisicho na tarehe.
Kalamu ipo. Chaki nayo ipo,
na chaki inafutika.
Huko juu namsikia Cikwanine akishuka kunichukua,
taratibu, mtu asiyelala,
anahesabu ngazi kwa sauti.