Kofi la Quiapo

Filamu mia na saba, Eusebio Landicho,
na hakuna hata moja aliyoimaliza akiwa hai:
alitumbukia kisimani, aliliwa na mamba wa mpira,
alipigwa risasi na kijana
ambaye yeye mwenyewe, asubuhi ile,
alimfundisha kushika bastola.

Nyumbani, mende akipita, baba alipanda kiti.

Siku moja sokoni Quiapo muuza samaki
akamzaba kofi: "Shamba la mjane yule
ulilipora kwa nini, shetani wee?"
Nikafumbua kinywa nimtetee.
Akanifinya mkono.
"Niwie radhi, mama," akasema, "nitamrudishia."

Tukaondoka na kapu tupu.
Njiani alikuwa akicheka chinichini:
"Shamba lenyewe lilichorwa kwenye turubai,
na mwenzangu bado analililia."

Magamba shavuni hakuyafuta
hadi tulipofika nyumbani.