Daftari la Bombora

Aprili, Alvani, kabla ya kondoo kupanda mlima,
parvo iliingia kwetu kwa mlangoni.
Ilikuja kwenye soli ya kiatu, pengine changu,
nilipotoka soko la Telavi na mfuko wa chumvi.
Watoto sita wa Tsiskara walikuwa banda la nyuma.
Jumatatu mmoja akakataa ziwa.
Jumanne, harufu. Asiyewahi kuinusa asiombe.
Matapishi ya povu, kuhara damu,
macho yamezama kama kokoto kwenye unga.

Daktari Natela alitundika chupa za maji kwenye misumari
ambako baba hutundika mikasi ya kukatia manyoya.
Tulikesha siku nne. Nilisugua sakafu kwa klorini
hadi vidole vikachunika.
Wanne walikufa. Wawili
walilamba mchuzi wa kuku kiganjani mwangu, wakaishi.
Baba akaapa: mwakani chanjo, hata kwa kuuza beberu.
Ugonjwa ule tuliuelewa. Una siku ya kuja, una siku ya kuondoka.
Unaweza hata kuutukana.

Lakini Natela, akinawa mikono,
alimtazama Bombora akiinuka kutoka chini ya lori:
miguu ya mbele kwanza,
kisha kituo,
kisha kiuno, kama mtu anayeburuta gunia la mwenzake.
"Ana miaka mingapi?"
"Minne," baba alisema. "Amechoka tu. Oktoba alipigana na mbwa mwitu wawili."
"Mbwa mwitu hawafanyi hivi. Mlete Telavi."

Picha ya eksirei haina adabu.
Kichwa cha paja hakikukaa kikombeni mwake;
kilielea pembeni, kifuniko cha sufuria nyingine.
Nyonga zote mbili.
"Si jeraha," alisema. "Amezaliwa hivi.
Na anazaa hivi."

Baba hakujibu. Nilijua anachohesabu,
maana mwandishi ni mimi:
daftari la jalada la kijani, tangu nikiwa darasa la sita,
kila mtoto wa Bombora na nyumba aliyokwenda.
*Dume, madoa, kwa Gigla wa Dartlo: kondoo mmoja.*
*Jike, kijivu, kwa mjane wa Shenako: jibini ya ngozini.*
*Dume, masikio meusi, kwa Elizbari: bure, alituazima trekta.*
Thelathini na saba.
Baba aliwasomea wageni mezani, glasi mkononi,
kama wengine wasomavyo nasaba za wafalme.

Maji hufuata mkondo, tulijisifu.
Hatukuuliza yamebeba nini.
Parvo ilipita mlangoni; hii ilikuwa na ufunguo,
imelala kwenye damu ile ile yenye kifua kipana
na sauti inayofika ng'ambo ya bonde.

Jioni nikaanza kupiga simu. Baba aliketi karibu,
akisikia upande mmoja tu wa kila aibu.
"Msimzalishe. Msimnenepeshe. Mpelekeni apigwe picha."
Gigla alikata simu.
Mjane alidhani nataka kumrudisha mbwa kwa bei ya hasara.
Elizbari alinyamaza muda, nikasikia redio yake.
"Tunajua," akasema. "Tangu vuli anaamka vile.
Tulidhani ndivyo mbwa jasiri wanavyoinuka:
polepole, ili adui apate muda wa kuogopa."

Nilimweleza baba. Hakucheka.
Alitoka nje bila koti.
Kupitia dirishani nilimwona amepiga magoti kwenye matope,
mkono chini ya tumbo la Bombora,
akimwinua upande wa nyuma,
huku akitazama barabarani asije akaonekana.

Nikafungua daftari ukurasa wa mwisho.
Wale wawili wa Tsiskara, waliopona,
walikuwa bado hawajaandikwa.
*Baba: Bombora,* nikaandika.
Kalamu ikasita kwenye safu ya nyumba.
*Kwetu.*